Ryzen 5 5600X na RAM ya 3600: uzoefu wangu wa kupandisha kasi

Naitumia prosesa hii na vijiti viwili vya DDR4 vya GB 8 kila kimoja. Naipenda sana, lakini inataka RAM inayokwenda nayo sambamba, si RAM yenye namba kubwa tu.

Data ya RAM hufika kwenye kori (sehemu za prosesa zinazopiga hesabu) kupitia Infinity Fabric, njia ya data ndani ya prosesa. RAM iliyoandikwa 3600 hudunda kwa 1800 MHz, kwa sababu DDR hutuma data mara mbili kila pigo. Fabric nayo ikiwa 1800, vinatembea sako kwa bako. Ukipanda hadi 4000 ukaiacha BIOS (mipangilio ya msingi ya bodi) kwenye Auto, kidhibiti cha RAM kinashuka hadi nusu, 1000 MHz, na kila ombi la data linasubiri zaidi. Halafu piga hesabu ya CL (mapigo ambayo RAM husubiri kabla ya kutoa data), CL16 kwa 3600 na CL18 kwa 4000: 16 × 2000 ÷ 3600 ni nanosekunde 8.9, 18 × 2000 ÷ 4000 ni 9. Umeongeza namba, hujaongeza wepesi.

Anza na RAM. Chomeka vijiti tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, washa XMP (mpangilio wa kasi uliohifadhiwa kwenye RAM), hakikisha volti ni ile iliyoandikwa kwenye kijiti (vyangu ni 1.35), kisha andika FCLK (kasi ya Fabric) 1800 kwa mkono. Volti ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM) nimeiweka 1.1, inatosha. Acha MemTest86, programu ya kupima RAM, imalize raundi zote nne. Kosa hata moja, rudi nyuma.

Ndipo uiguse prosesa: PBO (inairuhusu prosesa ijipandishe kasi zaidi), na Curve Optimizer (inapunguza volti ya kori) hasi 10 kwa kori zote. Ukibadilisha vyote kwa mpigo, skrini ya bluu haitakuambia mkosaji ni nani.

FCLK 1900 ndiyo inayodanganya wengi. Kompyuta inawaka, michezo inacheza, lakini sauti inakatika-katika na vifaa vya USB vinapotea na kurudi. Fungua Event Viewer, Windows Logs, System: ukikuta WHEA-Logger 19 (taarifa za makosa ya vifaa, namba 19) zimejipanga, shusha hadi 1866 au 1800, na RAM uishushe nayo. Curve Optimizer ikizidi huanguka kinyume na unavyotarajia: mzigo mzito inauvumilia, ila inazima ghafla ukiwa unasoma ukurasa tu, kwa sababu kazi nyepesi ndiyo inayoirusha kori moja kwenye kasi ya juu kabisa.

Isipowaka baada ya kubadilisha RAM, usikimbilie kuchomoa waya. Bodi hujaribu yenyewe mara kadhaa, feni zinazunguka na kusimama. Ikishindwa kabisa, safisha CMOS (kumbukumbu inayohifadhi mipangilio ya BIOS).

Feni ndogo inayokuja na prosesa haifai kwa PBO. Nimeweka kipoozeo cha mnara, maana joto likipanda prosesa hujipunguzia kasi yenyewe na kazi yote ya BIOS inakuwa bure.