Tahadhari: Mtoto wa farasi "mweusi" anayeuzwa kwa cheti cha jeni kisichokamilika

Ndugu zangu wafugaji na wanunuzi wa farasi wa Kiarabu hapa Oman, assalaam alaykum. Natoa tahadhari juu ya muuzaji mmoja, ambaye sitamtaja jina, anayeuza watoto wa farasi weusi kwa bei ya juu huku ameshika karatasi halisi ya maabara, na ni uhalisi wa karatasi hiyo ulioniponza.

Nilinunua dume wa miezi sita, mweusi kama kaniki. Karatasi ilisema E/E na a/a, yaani herufi za jeni zinazoonyesha rangi nyeusi, naye muuzaji akaapa kwamba farasi huyo atabaki hivyo maisha yake yote na atazaa weusi watupu, nami nikakubali kuongeza rial 600 juu ya bei ya mwenzake wa hudhurungi. Wiki ya pili, mtunzaji alipompangusa uso kwa kitambaa cheupe chenye maji ya vuguvugu, kitambaa kilitoka na doa jeusi, na chini ya rangi ile zikaonekana nywele nyeupe zilizozunguka macho yote mawili kama miwani. Hiyo ni dalili ya farasi wa kijivu, ambaye huzaliwa na rangi nyingine kisha akazidi kuwa mweupe mwaka hadi mwaka.

Herufi za karatasi hazikuwa za uongo. E ya jeni ya MC1R huruhusu rangi nyeusi itengenezwe, na a/a ya jeni ya ASIP huiacha ienee mwili mzima badala ya kubaki miguuni, shingoni na mkiani kama kwa farasi wa hudhurungi. Lakini jeni ya kijivu, ambayo mwaka 2008 watafiti walionyesha kuwa ni kipande cha DNA kilichojirudia ndani ya jeni iitwayo STX17, ni jambo jingine kabisa: nakala moja tu kutoka kwa mzazi mmoja hutosha kuifunika rangi yoyote. Maabara hupima ilichoombwa, na kipimo hicho hakikuombwa.

Ahadi ya uzao nayo ni batili, hata kwa farasi asiye na kijivu. E/E huzuia watoto wekundu, basi. Akipandishwa kwa jike mwenye A, aina ya jeni ya ASIP inayobakiza weusi miguuni, shingoni na mkiani, watoto wa hudhurungi watakuja. Na kinachoniuma zaidi ni afya yake, kwa sababu farasi wengi wa kijivu hupata uvimbe wa melanoma, yaani uvimbe wa chembe za rangi ya ngozi, wakizeeka, na wenye a/a, kama huyu wangu, wamo katika hatari kubwa zaidi.

Farasi wa kijivu lazima awe na mzazi wa kijivu. Mimi nilioneshwa mama tu, mweusi, nikaambiwa baba yuko mbali. Usikubali neno hilo. Nilioneshwa pia picha ya siku ya kuzaliwa, mtoto akiwa mweusi tii, nikafurahi, ilhali weusi wa kweli mara nyingi huzaliwa na rangi ya majivu na weusi huja baada ya manyoya ya kwanza kupukutika. Dai kipimo cha kijivu pamoja na E na A, na nywele za kupimwa zing'olewe na mizizi yake mbele ya macho yako.

Nimemrudia muuzaji, akanijibu kwamba karatasi yake ni sahihi na fedha hazirudi. Wiki hii anatangaza watoto wengine wawili wa baba yuleyule.