Mkoba wa fundi wa dishi: kinacholipa na kinachoongeza uzito tu

Mkoba huu huuzwa Luthuli Avenue, Nairobi, kama seti moja: mita ya kutafutia satelaiti, koleo la kubana konekta, kichunio cha waya, kampasi, koleo la RJ45 (kile kichwa cha plastiki cha waya wa mtandao) na kipima waya chenye taa nane. Muuzaji aliniambia, "Fundi, hapa hukosi kitu." Nimeufanyia kazi huku pwani, Kilifi mpaka Lamu, kwenye hoteli ndogo, shule na zahanati, penye madishi ya VSAT (intaneti ya satelaiti, dishi linapokea na kurusha) na penye Starlink, ile intaneti ya satelaiti yenye sahani ndogo. Kubwa ninaloweza kusema ni kwamba pesa yako nyingi inaenda kwenye mita, na mita ndiyo ninayoitoa mkobani mara chache kuliko vyote.

Si kwamba ni mbovu. Ina kioo kidogo cha rangi na betri inayofika jioni, na kwa madishi ya televisheni sina neno nayo. Mwajua hali yetu: Eutelsat inayobeba DStv iko digrii 36 mashariki, na Kenya tuko karibu chini yake kabisa, ndiyo maana dishi la huku hutazama juu kama sufuria ya kukingia mvua. Lisogeze kidogo tu, umeshaingia kwa satelaiti jirani. Kile kidude cha bei rahisi chenye mshale na mlio hulilia satelaiti yoyote itakayopita mbele yake. Hii ya kidijitali inakutajia majina ya chaneli, ukajua uko kwa nani.

Ukifika kwenye VSAT mambo yanabadilika. Mita hii inasoma DVB-S pekee, mfumo wa zamani wa mawimbi ya satelaiti, na mitandao mingi ya VSAT hushusha mawimbi yake kwa DVB-S2, mfumo ulioufuata. Utaona nguvu ya mawimbi, lakini haitashika. Basi narudi kwenye njia ya siku zote: laptopu kwenye modemu, kijana mmoja chini ananisomea namba, mimi juu ya ngazi nazungusha nati robo kwa robo. Hata hivyo kituo cha kampuni ndicho kinachokagua polarisheni (mkao wa mawimbi, wima au mlalo) kwa simu kabla hujaruhusiwa kurusha, na hapo mita haina kauli.

Na kuna jambo kijitabu cha maelezo hakijaligusa hata kwa mstari mmoja. Modemu nyingi za VSAT hupeleka volti 24 kwenye waya wa kurushia ili kuilisha BUC, kifaa cha kurushia kilicho kwenye dishi. Mita kazi yake ni kutoa volti 13 au 18 kwa LNB, kile kichwa cha kupokelea, haikuundwa kupokea 24. Chomeka waya usio wake, nunua mita nyingine. Mimi hufunga solotepu nyekundu kwenye waya wa kurushia, juu na chini, kabla sijafungua chochote.

Kampasi ni nzuri, ila isomwe mbali na mabati, maana chuma huipotosha, na ya kwenye simu vilevile. Kinachonikera ni kwamba wameweka kampasi wakasahau pimamaji. Mlingoti ukiwa umeinama, kila ukizungusha dishi kushoto au kulia, pembe ya kwenda juu nayo inahama, na unaweza kushinda juani ukidhani satelaiti imepotea. Pimamaji dogo lenye sumaku halifiki shilingi mia tano.

Sasa koleo la kubana. Hili peke yake ningelilipia. Kichunio kinakata RG6, waya wa dishi, vizuri: kiini kinabaki wazi milimita 6 hivi, na mpira mweupe wa ndani nao 6. Unarudisha nyuma nyavu za waya zinazouzunguka mpira huo bila kuacha hata unywele mmoja umegusa kiini, unasukuma konekta mpaka ule weupe ulingane na sakafu yake, ndipo unabana. Ukisikia imekaa, hata uivute kwa mkono mzima haitoki. Konekta za kuzungusha kwa vidole ziacheni kabisa huku kwetu. Chumvi ya bahari inaingia, nyavu zinageuka kijani, na mteja anakupigia kila mvua ikinyesha. Skrubu ya kurekebisha urefu kwenye mpini wa koleo hulegea. Itie tone la rangi ya kucha, inatulia.

Halafu kuna upande wa Starlink, ambao tangu iingie rasmi Kenya mwaka 2023 umegeuza kazi yetu. Sahani yenyewe haihitaji mita: programu ya simu inakuonyesha kama mnazi au ukuta unaziba anga, unaweka mahali peupe, basi. Taabu iko kwenye waya. Seti ya kawaida ya kizazi cha tatu huja na waya wa mita 15, na kwa nyumba ya makuti yenye ofisi ng'ambo ya uwanja, huo hautoshi. Mwenye hoteli ananunua waya wa mtandao wa bei poa, anauvuta mwenyewe, kisha sahani inazima na kuwaka kila matumizi yakipanda. Umeme wa sahani unapita kwenye waya huohuo, na waya ule ni alumini iliyopakwa shaba.

Kipima waya cha taa nane hapa hakikusaidii. Taa zote zitawaka vizuri, moja mpaka nane, hata kwa alumini, kwa sababu kinajua kama waya umeunganika tu. Kwaruza kiini kwa kisu: kikitoka cheupe, ni alumini. Ukitaka uhakika zaidi, tumia multimita, ambayo nayo haimo kwenye seti. Unga nyaya mbili upande mmoja, pima upande wa pili, toa usomaji wa nyaya za multimita yenyewe, gawa kwa mbili. Shaba halisi ya 24 AWG (kipimo cha unene wa waya) husoma takriban omu 8.5 kwa mita 100. Ile ya kupakwa husoma 13 hivi. Mteja akiziona namba hizo mbili, hatabishana nawe tena juu ya bei ya waya.

Koleo la RJ45 linabana sawasawa, sina zaidi.

Kwa fundi anayeanza leo, nunua koleo la konekta na kichunio chake, multimita, pimamaji, na utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe kwa maungio ya nje. Mita isubiri mpaka upate kazi za televisheni za kutosha, na wakati huo ongeza pesa upate inayosoma DVB-S2. Mkoba wenyewe usikutamanishe: zipu ni ya chuma, na huku zipu ya chuma hushika kutu upesi ikagoma kufunguka. Vifaa vyangu sasa vinakaa kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko, na nikiwa juu ya boti kwenda Lamu huigeuza nikaikalia.