Ziara ya kuongozwa Uffizi, Firenze: makumbusho safi, mtembezaji hovyo

Hasira yangu si ya makumbusho. Uffizi, makumbusho ya sanaa ya mji wa Firenze (Florence), Italia, ningerudi hata kesho asubuhi. Nina hasira na wakala aliyeniuzia ziara ya kuongozwa ya "kuruka foleni", na zaidi na mtembezaji wake, aliyetupitisha mbele ya picha tatu ambazo kwangu zinatosha kuwa sababu ya kwenda Firenze.

Hiyo foleni kwanza. Mnayoiruka ni ya kununua tiketi tu. Ya ukaguzi wa mabegi kila mtu anapanga. Wakala akikupa vocha badala ya tiketi, bado hujamaliza: aliyeweka nafasi mapema huchukua tiketi mlango namba 3, kisha anavuka uwanja na kuingilia mlango namba 1. Mlango namba 2 ni wa wasioweka nafasi. Hayo tuliyajua kwa kuuliza askari wa mlangoni, wakati dakika zetu zinakwisha.

Ukishapanda zile ngazi ndefu hadi ghorofa ya pili, usivutwe na ukumbi mrefu wa sanamu. Vyumba vya mwanzo ndimo alimo Bikira Maria aliyeketi kitini na Mtoto, mara tatu, chumba kimoja: wa Cimabue, wa Duccio na wa Giotto, wachoraji wa zamani wa Italia. Picha hizo zote zilikuwa za makanisa ya mjini humo. Mtembezaji akainua kibendera chake, akasema, "Hizi za kanisani zote zinafanana, twendeni kwa Botticelli," yule mchoraji maarufu wa Venus. Nikaomba dakika mbili. Akapiga makofi kama anaswaga mbuzi, akaondoka.

Zinafanana! Simama katikati ya chumba uangalie nguo tu. Kwa Cimabue, mikunjo ya joho imechorwa kwa mistari myembamba ya dhahabu, inameremeta lakini mwili chini yake huuoni. Duccio, aliyepewa kazi yake mwaka 1285, ameipitisha dhahabu kwenye pindo, ikazunguka kama uzi uliodondoka. Halafu mgeukie Giotto. Dhahabu imetoka kwenye mikunjo, joho ni jeusijeusi, na magoti yanasukuma kitambaa kutoka ndani. Huyu mama ana uzito, amekaa kweli. Tazama na malaika: wa Cimabue wamepangwa juu kwa juu pembeni mwa kiti, wa Giotto wanazibana, na nyuma yao watu wengine wanaonekana kupitia uwazi wa kiti. Mtu akiyaona hayo, vyumba vyote vinavyofuata vinaeleweka. Asipoyaona, anabaki kupiga picha za simu.

Niwe mwadilifu. Kwa Botticelli alieleza vizuri sana, kwamba picha yake ya Primavera imechorwa juu ya mbao na ile ya Kuzaliwa kwa Venus juu ya turubai, na akatuonyesha mahali pa kusimama ili mwanga usirudi machoni. Hapo nilikuwa tayari kumpa nyota tatu. Lakini kadiri ninavyofikiri ndivyo ninavyozidi kukasirika, maana kumbe anajua! Asiyejua ningemsamehe. Huyu anajua, na bado anawauzia watu saa moja na nusu yenye Venus na picha za mchoraji Caravaggio kwa sababu ndio majina ambayo kundi linayatambua. Nampa nyota moja.

Sasa kwa anayekwenda. Nunua kwa makumbusho yenyewe, chagua nafasi ya kwanza, saa mbili na robo asubuhi, makundi yakiwa bado hayajajaa. Jumatatu wamefunga, na Accademia, makumbusho mengine ya mji huo iliko sanamu ya Daudi ya Michelangelo, nako hivyo hivyo. Hiyo ni tiketi nyingine kabisa, asikudanganye mtu kwamba umemwona Daudi kwa sababu umepita uwanja wa Piazza della Signoria. Yule wa nje ni nakala; mwenyewe alihamishwa mwaka 1873.

Na kama umeshalipia ziara ya kundi, usitoke nao. Ziara inaishia ghorofa iliyo chini ya hiyo ya pili, kwenye vyumba vya Caravaggio. Mrudishie mtembezaji vile vifaa vya masikioni humo humo ndani, muage, kisha panda tena kwa Giotto na ukae utakavyo hadi wafunge. Ila mlango wa kutokea ukishaupita, tiketi imekufa.