Pagola yangu ya uani, bolti za 8.8 na fundi mwenye mdomo

Nilisubiri hasira ishuke ndio niandike, haikushuka, basi naandika nayo hivyo hivyo. Pagola, kwa ambao hamjaijua, ni nguzo na boriti na papi zimepangwa juu kwa nafasi bila bati, unakaa chini yake upepo unapita na jua linakatwakatwa, mimi nilitaka hiyo tu uani kwangu, sikutaka kasri. Na niseme mapema mbao ni nzuri, zimepigwa randa vizuri, kila anayeingia getini anasifia. Lakini sijaja kuongelea mbao. Nimekuja kuongelea bolti.

Sisi tunakaa mahali ambapo ukifuta kioo cha dirisha asubuhi, jioni ukipitisha kidole na kukilamba unaonja chumvi. Kwa hiyo tangu mwanzo nilimwambia fundi mkuu, tena mbele ya vijana wake, kila chuma kinachoshika mbao hizi kiwe stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, na sio stenlesi yoyote, nataka gredi 316, ambayo kwenye bolti inapigwa muhuri wa A4, kwa sababu ile 304 ya kawaida ukiileta karibu na bahari inaanza kuota madoa ya rangi ya chai. Akanijibu, "Dada yangu, usinifundishe kazi, hizo ndizo tunazotumia siku zote." Haya. Ikaandikwa kwenye kotesheni, stenlesi ya baharini, na bei ikapanda kwa sababu hiyo hiyo, na mimi nikalipa bila kubishana maana nilijua ninacholipia. Au ndio nilivyofikiri.

Haikuchukua muda. Sikumbuki ni lini hasa nilianza kuona, ila mvua za msimu zilikuwa zimeanza kukatika, natoka asubuhi, naangalia nguzo ya upande wa bahari naona mchirizi wa kahawia unashuka kutoka kwenye kichwa cha bolti mpaka karibu nusu ya nguzo. Nikadhani ni uchafu wa ndege. Nikafuta na kitambaa, kikarudi na rangi ya chungwa, na mbao ilikuwa imeshainywa ile rangi, haitoki. Nikazunguka nguzo zote. Kila bolti na mchirizi wake, pagola nzima imekaa kama mtu aliyelia na wanja machoni. Halafu cha ajabu, bolti za juu kabisa zinazonyeshewa moja kwa moja zilikuwa na nafuu, zilizooza haswa ni za chini ya boriti, kule kwenye maungio ambako mvua haifiki. Ukifikiria ina maana yake, mvua inasuuza chumvi, pale isipofika chumvi inajilundika, na chumvi yenyewe inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo chuma kinakesha kimeloa hata kama hakuna tone lililoanguka.

Nikapanda ngazi na sumaku. Ikanasa, ta! Sasa najua kuna mjuaji ataniambia stenlesi nayo wakati mwingine inavuta sumaku ikishakunjwa kiwandani. Ndio, inavuta kidogo. Hii ilinasa mpaka kuibandua ni kazi. Nikachukua brashi ya waya nikakwangua kutu ya kichwani nisome muhuri, naona 8.8. Nikakwangua nyingine, 8.8. Kwa asiyejua, 8.8 ni alama ya nguvu ya bolti za chuma cha kawaida, stenlesi haipigwi hivyo, stenlesi utakuta A2 au A4 kisha 70 au 80. Yaani uongo umepigwa muhuri na kiwanda chenyewe, fundi hakujisumbua hata kuuficha! Ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki ya umeme, ile inayong'aa vizuri dukani, na zinki hiyo ni nyembamba sana, mara nyingi mikroni 5 hadi 12 hivi (mikroni elfu moja ndiyo milimita moja), wakati bolti iliyochovywa kwenye zinki ya moto inapita 40. Angenichovyea basi! Hata hilo ningelimeza, ningenung'unika lakini ningelimeza.

Na mbao zangu ni za msonobari uliotiwa dawa ya mchwa, ile ya kijani yenye shaba ndani. Dawa nzuri, ila shaba na chuma kilichopakwa zinki haviivi chungu kimoja, shaba inakila chuma kutoka ndani ya tundu. Bolti moja ilipokuja kutolewa baadaye, sehemu iliyokuwa imejificha ndani ya mbao ilikuwa nyeusi, ukiisugua kwa kidole inamomonyoka. Nje chumvi, ndani shaba. Fundi anayejenga pwani miaka yote asijue hili? Anajua. Alijua vizuri tu.

Nikapiga simu, haipokelewi. Nikatuma picha WhatsApp, tiki mbili za bluu, kimya. Nikatuma ile ya muhuri wa 8.8 nimeikuza ikajaa kioo kizima, hapo ndipo akaja, bila taarifa, jioni jioni, na gari kaliacha linaunguruma nje kama vile anapita tu kuchukua kitu. Hakunisalimia. Kanipita mimi niliyesimama mlangoni, moja kwa moja mpaka kwa mume wangu aliyekuwa anamwagilia maua, "Shemeji, habari za hapa." Mume wangu akaitikia, akanionyesha kwa mpira wa maji ulio mkononi, "Mwenye kazi ni huyo hapo." Wapi! Jamaa akaweka kiatu chake juu ya benchi langu, akatoa ufunguo, akaanza kukwangua kichwa cha bolti, vigae vya kutu vinaangukia kwenye mito ya viti, huku anaongea na mume wangu. "Shemeji, hebu mweleze dada yangu, hii ni hewa ya bahari. Bahari haina fundi. Mkitaka chuma kisichoshika kutu hamieni mlimani." Akacheka. Kacheka peke yake.

Kutu ningeivumilia jamani. Lakini kuniongelea mimi nikiwa nimesimama hapo hapo, pesa nimelipa mimi, vipimo nimetoa mimi, na mume wangu hata hajui tofauti ya nati na washa, hapo damu ilichemka. Nikamuuliza, kaka, 8.8 ni nini? Akasema ni saizi. Saizi! Nikamfungulia kotesheni kwenye simu, sahihi yake hii hapa, stenlesi ya baharini hii hapa. Akaisoma taratibu, akanirudishia simu, "Stenlesi ziko nyingi dada, hii ni ya kiwango cha kati." Kiwango cha kati cha kitu ambacho sio hicho kitu! Kisha kabla hajaondoka akanipa na ushauri wa bure, nisiwe namwagia maji, ati maji ndiyo yanaleta kutu, nipanguse kwa kitambaa kikavu. Wakati kusuuza vyuma na maji ya bomba mara kwa mara, hasa kule kusikofikiwa na mvua, ndio jambo rahisi kuliko yote mtu wa pwani anaweza kufanya, na kitambaa kikavu ndio kinasugulia chumvi kwenye rangi. Sijui niliwezaje kutomrushia kitu.

Sasa hapa ndipo ninapopata shida na nyota, maana kama ningempa nyota yeye peke yake ni sifuri, tungemaliza. Lakini pagola hii hakujenga yeye, yeye alikuwa anakuja na gari na kuondoka. Aliyejenga ni kijana wake mmoja, mpole, anaongea kwa kunong'ona, na huyo kijana kazi anaijua. Mashimo ya nguzo aliyachimba akaenda chini mpaka nikamuuliza unatafuta maji? Akasema, "Mama, pagola haizami, inang'oka." Na ni kweli, upepo wa baharini unavuta kwenda juu, uzito wa zege chini ndio unaoshikilia. Nguzo hakuzifukia kwenye zege, kaziweka juu ya viatu vya chuma vilivyonyanyuliwa kidogo, kuna mwanya naweza kupitisha kidole, ili mguu wa nguzo usikae kwenye maji. Papi kazilaza kutoka kaskazini kwenda kusini na kuzisimamisha kwa ubavu, kwa hiyo asubuhi na jioni jua linagonga ubavu wa papi na chini kuna kivuli kizito, saa sita ndio mwanga unashuka kidogo. Mimi sikumwomba hilo, nilikuwa hata sijalifikiria. Na kulikuja siku ile ya upepo mkali, ule uliobeba mabati ya watu, pagola yangu ilisimama tuli, upepo unapiga mluzi katikati ya papi na kwenda zake. Siku hiyo ningeandika rivyu hii ningewapa nyota tano na maua juu.

Kwa hiyo unaona. Mbao nzuri, msingi mzuri, kivuli kizuri, na vyote vinaning'inia kwenye bolti za magendo.

Nikaendelea kusumbua. Nilituma picha kila nilipoamka, nikaambatanisha kotesheni kila mara, nikawa kero na sijutii. Mwishowe wakakubali kubadilisha, na hapa kidogo nikalainika, nikasema labda nimewahukumu mno, maana walikuja na bolti mpya na zamu hii nilisoma vichwa vyote kabla ya kuwaruhusu kupanda, A4, A4, A4, nilikaribia kuzibusu. Walitegemeza boriti kwa magogo, wakatoa moja wakaweka moja. Yule kijana akataka kupaka grisi kwenye uzi kabla ya kufunga nati, fundi mkuu (ndio, zamu hii alikuja kusimamia) akamkatisha, "Hatuna muda wa mapambo," akachukua mashine akaikaza kavu kavu kwa mwendo wote. Stenlesi juu ya stenlesi ikikazwa kavu kwa kasi inajishika yenyewe. Nati ikang'ang'ania katikati ya njia, haiendi mbele hairudi nyuma, ikabidi bolti mpya kabisa ikatwe na msumeno wa chuma. Kijana hakusema neno, alikwenda tu kuchukua kopo la grisi. Hakuna aliyemwomba radhi. Zilizobaki zote zilifungwa kwa grisi, kwa mkono, kwa spana, na bosi alikuwa ameshajikumbusha simu ya kupokea kwenye gari.

Wakaondoka, nikatengeneza kichwani rivyu ya nyota nne. Kweli kabisa. Nilikuwa nimeanza hata sentensi ya kwanza, ya kuwasifu kwamba walikosea wakarekebisha.

Halafu juzi juzi hapa nasuuza na mpira naona kijimchirizi. Chembamba. Nikasema haiwezekani, A4 nimeisoma kwa macho yangu. Nikapanda ngazi. Bolti inang'aa, safi. Nati safi. Kinachotoa kutu ni washa, kile kiduara cha bapa kinachokaa kati ya kichwa cha bolti na mbao. Walirudisha washa za zamani! Walinunua bolti na nati za maana wakaona washa ni upotevu wa hela, wakazigeuza upande usio na kutu ukatazama nje ili nisione. Na ukiweka zinki ndogo ikakumbatiana na stenlesi kubwa kwenye hewa ya chumvi, hiyo zinki ndio inayoliwa, tena inaliwa haraka kuliko ingekuwa peke yake. Kwa hiyo washa zangu sasa hivi zinakufa mbio kuliko zilivyokuwa zinakufa mwanzo, kwa ajili ya kitu kinachouzwa kwa kujazwa kwenye mfuko!

Nimempigia yule kijana, sio bosi wake. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mama, mimi nilimwambia." Namwamini. Kasema Jumamosi atakuja mwenyewe na washa za A4, na nisimwambie mtu, basi na ninyi hamjasikia. Kampuni naipa nyota mbili, nilikuwa nimeandika moja nikafuta kwa ajili ya msingi na ule mpangilio wa papi, na nikikumbuka kile kiatu juu ya benchi langu natamani nirudishe moja. Kama unawaza kumpa mtu kazi ya namna hii ufukweni, mwambie alete bolti, nati na washa mezani kabla hazijafungwa, uzisome moja moja mwanga ukiwepo, akinuna mwache anune. Na sumaku kaa nayo mfukoni. Jumamosi mimi nitakuwa juu ya ngazi kabla ya fundi, na nyota nitazirekebisha nikishashuka.