Uvimbe kwa kuku wako: kupasua au kusubiri?

Kwanza mpapase asubuhi kabla hajala. Uvimbe wa kifuani ukitoweka usiku, lilikuwa gole, yaani mfuko wa chakula, lililojaa tu; wengi wameshtuka bure.

Ukibaki, njia ni mbili. Kusubiri kunafaa ikiwa uvimbe ni mdogo, unasogea chini ya ngozi, na kuku anakula na kuchakura kama kawaida. Upime kwa rula kila wiki, uandike. Ubaya wake ni kwamba kuku huficha ugonjwa hadi azidiwe.

Kwa jipu, kupasua kunashinda. Usaha wa kuku ni mgumu kama jibini, hautiririki, kwa hiyo kukamua ni kumtesa bure. Daktari wa mifugo huutoa kwa kisu. Lakini dawa ya usingizi ina hatari zake kwa ndege, na saratani ya ovari, inayowapata zaidi mitetea wenye umri, mara nyingi hugunduliwa imeshasambaa tumboni. Uvimbe wa mahepe, unaoletwa na virusi, hauna tiba. Chanjo yake hupewa kifaranga wa siku 1.

Mimi ningeanza na sindano ya kunyonya chembechembe zikapimwe, ndipo nichague.