Uzoefu wangu wa miezi minane na seti ya taa za softiboksi kwa picha za bidhaa

Ninauza asali ya Tabora na sabuni za mwani za Zanzibar kwa wateja ambao wengi wao hawajawahi kuniona wala kuushika mzigo kabla haujawafikia, kwa hiyo picha ndiyo duka langu. Mwaka mzima wa kwanza nilipiga picha hizo nyumbani Dar es Salaam, juu ya meza ya chakula, chini ya balbu ya sebuleni, na asali ambayo kwa macho ilikuwa na rangi ya kaharabu ilitoka kwenye picha ikiwa nyeusi kama oili chafu ya gari. Mteja mmoja aliniandikia kwa adabu: "Samahani dada, hii asali haijaungua kweli?" Swali hilo ndilo lililonipeleka Kariakoo kutafuta taa.

Nilinunua seti isiyo na jina kubwa kwa shilingi 180,000. Ndani yake mlikuwa na softiboksi mbili (masanduku ya kitambaa yenye uso mweupe, ambayo balbu hukaa ndani yake) za sentimita 50 kwa 70, stendi mbili zinazofika mita 2, balbu mbili za LED za kuzungusha, na mfuko wa kubebea. Muuzaji alinishawishi niongeze kisanduku cha kupigia picha, kile cha plastiki nyeupe kinachokunjwa, chenye mkanda wa taa ndogondogo darini, kwa shilingi 25,000 zaidi. "Dada yangu, ukiwa na hiki hata hizo taa kubwa utazisahau," aliniambia, nami nikalipa bila kuwasha hata taa moja. Nitangulize hukumu yangu: softiboksi moja katika seti hii ilistahili fedha zote nilizotoa, ya pili ningeweza kufanya kazi bila hiyo, na kisanduku kile ni fedha niliyoitupa.

Kasoro ya kwanza ilijitokeza usiku ule ule. Niliweka taa moja kushoto na nyingine kulia, nikatandika mezani karatasi nyeupe ya kuchapia, na katika picha nusu ya karatasi ikawa nyeupe huku nusu ya pili ikielekea rangi ya kijani. Balbu zote mbili ziliandikwa Kelvini 5500, yaani mwanga unaofanana na wa mchana, tofauti na balbu za zamani za waya ambazo huwa karibu na 2700 na hutoa umanjano. Lakini namba ya Kelvini hueleza tu kama mwanga unaegemea manjano au buluu. Ukijani haiusemi, wala haisemi kama mwanga huo unazionyesha rangi za vitu jinsi zilivyo. Hilo la mwisho hupimwa kwa kipimo kinachoandikwa CRI, ambacho kikomo chake ni 100, na kwa picha za bidhaa inafaa kutafuta balbu yenye 95 au zaidi. Kwenye boksi la seti yangu kipimo hicho hakikuandikwa popote. Dukani walikataa kunibadilishia, hoja yao ikiwa kwamba balbu inayowaka si mbovu. Afadhali kitako chake ni E27, kile kile cha balbu nyingi za nyumbani, hivyo nilinunua kwingine balbu mbili za aina moja zilizoandikwa CRI waziwazi, na ugomvi wa rangi ukaisha. Kamera inaweza kusahihisha rangi ya mwanga kwa picha nzima, ila haiwezi kusahihisha rangi mbili tofauti kwa pamoja, na ndiyo maana mpaka leo nikiwasha softiboksi nazima taa ya sebuleni na kushusha pazia zito.

Balbu zile za awali zilikuwa na ila nyingine ambayo simu yangu iliigundua kabla yangu. Nilipoielekeza kwenye taa, mistari myeusi ilianza kutambaa kwenye skrini kutoka juu kwenda chini. Umeme wetu ni wa hezi 50, na balbu ya LED yenye saketi ya bei rahisi hupungua na kuongezeka mwanga mara 100 kwa sekunde; jicho halioni, lakini kamera inayofungua shata, yaani kipazia cha kuruhusu mwanga uingie, kwa muda mfupi sana huona. Ukilazimika kutumia balbu ya namna hiyo, weka kasi ya shata kwenye 1/50 ya sekunde au polepole zaidi na mistari itatoweka.

Kilichobadilisha picha zangu kuliko vyote hakikuandikwa kwenye karatasi ya maelekezo. Kwa wiki mbili nilizisimamisha softiboksi karibu mita 2 kutoka mezani, kwa sababu ndivyo zilivyoonyeshwa kwenye picha iliyochapishwa juu ya boksi, na vivuli vikaendelea kuwa na kingo kali kana kwamba vimekatwa kwa wembe. Nilikuwa nikidhani kwamba kitambaa cheupe kilicho usoni mwa softiboksi ndicho kinacholainisha mwanga, basi. Kumbe ulaini unategemea taa inavyoonekana kubwa kutoka pale bidhaa ilipokaa. Jua ni kubwa kupita kiasi, lakini kwa kuwa liko mbali, kivuli chake saa saba mchana kina makali ya kisu. Vivyo hivyo softiboksi ikiwa mita 2 kutoka kwenye chupa ni kidirisha kidogo tu. Ukiisogeza mpaka sentimita 50 inakuwa ukuta mzima wa mwanga, na kivuli cha chupa kinafifia taratibu mezani mpaka huwezi kusema kimeishia wapi. Sasa taa yangu huwa karibu kiasi kwamba ukingo wake karibu uingie kwenye picha, kisha naivuta nyuma kidogo tu.

Kuisogeza taa kuna faida ya pili. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika hubaki takribani robo. Nikiwa na lenzi kwenye f/8 (upana wa tundu linalopitisha mwanga) na ISO 100 (usikivu wa kamera kwa mwanga), taa ikiwa mita 2 kamera ilidai shata ya 1/4 ya sekunde. Ilipofika mita 1, 1/15 ikatosha. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayoniwezesha kuifanya nyuma ya picha iwe na giza bila kununua kitambaa cheusi: taa naisogeza karibu kabisa na bidhaa, ukuta naacha ubaki mbali, na mwanga unachoka kabla haujaufikia.

Asali ndiyo iliyonisumbua kuliko sabuni, kwa sababu chupa ya kioo haipigwi picha kama vitu vingine. Kioo huakisi kila kilicho mbele yake, na ukikimulika kwa mbele unachopata ni softiboksi mbili nyeupe zimejichora tumboni mwa chupa, zimeifunika lebo, na asali yenyewe nyuma yake ni giza tupu. Giza kama hilo ndilo lililomfanya mteja wangu aione "imeungua". Dawa yake ni kupitisha mwanga ndani ya asali kutoka nyuma. Siku hizi softiboksi moja naisimamisha nyuma ya meza ikitazama kamera, chupa naiweka mbele yake kwa umbali wa kama nusu mita, na ule uso mweupe wa softiboksi unakuwa ndiyo mandhari ya picha. Asali inawaka kama taa ya kandili. Ila kingo za chupa hupotea, nyeupe ndani ya nyeupe, na hapo naingiza karatasi mbili za manila nyeusi, moja kila upande, nje kidogo tu ya eneo linaloonekana kwenye kamera. Kioo kinaziakisi pembeni, na mstari mwembamba mweusi unaichora chupa kuanzia shingoni hadi kitakoni. Ukizisogeza manila kwa upana wa kidole, mstari unanenepa au unakonda. Mara ya kwanza nilipoliona hilo kwenye skrini nilimwita mdogo wangu aliyekuwa jikoni aje atazame, naye akauliza, "Dada, hii umeichora?"

Linabaki suala la lebo, ambayo kwa kuwa inapata mwanga wa nyuma peke yake hutoka nyeusi. Kwa hilo natumia manila nyeupe iliyokunjwa katikati ili isimame yenyewe, mbele ya chupa na chini ya lenzi, irudishe mwanga kidogo kwenye maandishi. Manila tatu hazifiki hata bei ya soda mbili, na nimezitumia kuliko softiboksi ya pili.

Sabuni hazina makuu. Sabuni ya mwani haing'ai, ina vipande vya mwani na mikwaruzo ya kisu cha kukatia, na mtu anayeinunua anataka kuviona hivyo. Taa moja ya ubavuni, iliyoshushwa karibu usawa wa meza, inatosha, pamoja na manila nyeupe upande wa pili ili kivuli kisiwe kizito.

Kile kisanduku nilikipa nafasi mara tatu. Taa zake ndogondogo zimejipanga mstari darini, na kila moja inaonekana kwenye kifuniko cha chupa kama tundu la chujio. Mwanga unashuka kutoka juu peke yake, huwezi kuusogeza pembeni wala nyuma, na chupa zangu kubwa hazikuingia zikabakiwa na nafasi ya kupumua. Pengine kwa muuzaji wa hereni za plastiki au vifungo kinafaa. Kwangu kimekuwa stoo ya vitunguu.

Stendi ni nyepesi mno, na hili nalisema kwa uchungu. Mwezi wa nne, skrubu ya plastiki inayokaza miguu ilipasuka wakati taa ikiwa juu, softiboksi ikainama polepole kama mtu anayesinzia kwenye daladala, kisha ikaanguka juu ya meza na kuvunja chupa tatu zilizojaa. Asali ni kitu kigumu sana kufuta kwenye nyaya. Fundi wa baiskeli aliniwekea skrubu ya chuma, nami tangu siku hiyo nafunga kiroba kidogo cha mchanga kwenye mguu wa kila stendi, hata kama napiga picha moja tu.

Upande wa kamera sikuongeza chochote. Natumia Canon EOS 4000D yenye megapikseli 18, nyingi kuliko mtandao wowote wa kuuzia bidhaa unavyohitaji, pamoja na lenzi yake ya milimita 18-55 (18 huonyesha eneo pana, 55 huvuta kitu karibu). Nilichojifunza ni kuivuta lenzi hadi karibu na 55 na kurudi nyuma, kwa sababu kwenye 18 inakulazimu kusogea karibu mno, na chupa inavimba kifua na kukonda kitako. Wanaotumia simu wana tatizo hilo hilo wakichagua ile lenzi ya kuonyesha eneo pana. Kamera iwe kwenye mguu wake, na picha ipigwe kwa kihesabio cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Ukishafanya hivyo, shata ya 1/15 haitishi na huna sababu ya kupandisha ISO na kujaza picha chengachenga. Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi wanaoanza: ukitumia mandhari nyeupe na kuiachia kamera iamue yenyewe, nyeupe inatoka kijivu, maana kamera hudhani kila inachokiona kina mwangaza wa wastani. Mimi huiongezea picha mwangaza kwa hatua moja (yaani mwanga mara mbili), wakati mwingine moja na nusu, hadi karatasi iwe nyeupe bila kuila lebo.

Umeme ukikatika, sihangaiki sana. Dirisha la chumba cha nyuma halipigwi na jua la moja kwa moja asubuhi, na nikitundika shuka jeupe jepesi napata softiboksi kubwa kuliko zote mbili nilizonunua. Ubaya wake ni kwamba wingu likipita picha mbili zilizofuatana zinakuwa na mwangaza tofauti, na mzigo wa bidhaa ishirini unatakiwa ufanane wote. Ni kwa ajili ya kufanana huko, na kwa ajili ya usiku ambao ndio muda pekee ninaopata, kwamba sijutii kununua taa.

Kama ningeanza upya leo na shilingi zile zile 205,000, ningechukua softiboksi moja yenye uso mkubwa zaidi, stendi moja ya chuma yenye skrubu za chuma, balbu moja ya CRI 95, mguu wa kamera ulio imara, na manila nyeupe na nyeusi. Anayeamua kununua seti ya taa mbili kama yangu aende dukani na karatasi nyeupe na simu yake. Aombe taa zote mbili ziwashwe, aelekeze simu kwenye kila moja aangalie kama kuna mistari, kisha apige picha ya karatasi ikiwa katikati yake. Muuzaji akikataa kuwasha, Kariakoo ina maduka mengi.