Zahanati ya kanisa Kawangware: matibabu mazuri, ila maombi subiri Jumanne

Jumamosi nilimpeleka mama mzazi kwenye zahanati ya kanisa karibu na soko la Kawangware, Nairobi. Ana presha kwa miaka mingi. Tulishuka matatu ya 46 kabla ya saa moja, na tayari tulikuwa nambari 14.

Kadi ni shilingi 50. Hakuna aliyetuuliza dini wala kanisa. Mama wa hijabu aliyekuwa mbele yetu alihudumiwa vilevile.

Presha ya mama ilisoma 178 kwa 104. Muuguzi akamketisha atulie, akapima tena baada ya dakika kumi. Kisha akapiga magoti palepale kwenye saruji, akamvua kiatu na kubonyeza mguu kwa kidole gumba. Alipokiondoa, pakabaki shimo. "Shosho, umevimba tangu lini?" Mama alinificha mimi mwanawe miezi miwili, huyu akamweleza yote. Daktari akasema amlodipine, dawa yake ya presha, huwa inavimbisha miguu, akambadilishia dawa na kuagiza mkojo upimwe ili kuangalia figo.

Nalisema hili kwa sababu mwaka jana tulipanga foleni ya unga wa msaada kwingine. Tulihubiriwa juani saa mbili nzima, halafu walioinua mkono kuokoka wakatangulizwa. Jirani yangu aliinua wake kwa kuwa watoto walilala njaa. Kumwokoa mtu kwa pakiti mbili za unga ni kumdhulumu, na jina la Yesu linachafuka hapo. Kwa hiyo naelewa kwa nini zahanati hii inajihadhari.

Lakini imejihadhari mno. Mama alipofika dirisha la dawa alisema, "Wanangu, niombeeni kabla sijarudi nyumbani." Kijana akamjibu kwa adabu kwamba maombi ni Jumanne, ofisini kwa mchungaji. Mama akakunja karatasi yake ya dawa mara nne, akanyamaza hadi nyumbani. Hakuna aliyemlazimisha, aliomba mwenyewe, tena ndani ya ua wa kanisa!

Kwenye funzo letu la Biblia tulisoma Azimio la Lausanne la mwaka 1974, ambapo Wakristo kutoka nchi zaidi ya 150 walikiri kwamba kuhubiri Injili na kuhudumia jamii vyote ni wajibu wetu, na kwamba kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Yule muuguzi aliyepiga magoti amefika nusu ya njia, na nusu aliyofika ndiyo ngumu zaidi.

Nendeni, hasa mkiwa na wazee. Fikeni mapema, mbebe dawa za zamani ili daktari azione. Kwa wasimamizi ombi langu ni dogo: wekeni viti viwili kando ya dirisha la dawa na mzee mmoja wa kanisa, asimwite mtu yeyote, awepo tu kwa atakayeomba. Mama anarudi baada ya wiki mbili.